Mbono kaburi: uzio mzuri, mbegu hatari kwa watoto

Je, nyumba au shamba lako limezungushiwa mbono kaburi? Mmea huu una faida nyingi, lakini mbegu zake ni sumu. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu mbegu hizo zina ladha tamu kama karanga. Huna haja ya kung'oa uzio wako. Jifunze kuutunza, na ujue la kufanya mtoto akila mbegu.

Utautambuaje?

Mbono kaburi ni kichaka chenye asili ya Amerika ya Kati, cha jamii moja na muhogo. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 3 hadi 5, na tawi likikatwa hutoa utomvu. Matunda huwa ya kijani, kisha ya manjano, halafu hukauka na kuwa ya kahawia. Ndani ya tunda mna mbegu 2 au 3 nyeusi, zenye urefu wa sentimita 2 hivi. Usiuchanganye na mbarika, ambao wengine huuita nyonyo. Mbegu za mbarika zina madoadoa, nazo pia ni sumu.

Kwa nini watu huupanda?

Ng'ombe na mbuzi hawauli, kwa hiyo unafaa kwa uzio. Hupandwa kwa mbegu au kwa kuchomeka fimbo ardhini, na huvumilia ukame kwa kupukutisha majani. Watu wameupanda pia makaburini kuweka alama, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mafuta ya mbegu hutengeneza sabuni na kuwasha taa. Miaka ya 2000 kampuni zilifika hadi Kisarawe na Kilwa kuulima kwa ajili ya dizeli.

Mafuta hayo si ya kupikia: kuyachemsha hakuondoi sumu yote. Mashudu yake pia usiwape mifugo. Yatumie kama mbolea.

Dalili za sumu

Ndani ya saa chache mtoto huanza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha. Anaweza pia kuhisi koo linawaka. Hatari kubwa ni kupungukiwa maji mwilini. Wengi hupona wakihudumiwa mapema.

Mtoto akila mbegu, fanya hivi:

1. Mtoe mabaki mdomoni, kisha msukutue kwa maji.
2. Usimtapishe, wala usimpe maji ya chumvi au mafuta ya taa.
3. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja, hata kama bado hana dalili. Wachunguze na wenzake aliokuwa akicheza nao.
4. Chukua mbegu au tunda umwonyeshe mhudumu, na ukadirie amekula ngapi na saa ngapi.
5. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji ya ORS kidogo kidogo mkiwa njiani.

Akilegea, macho yakiingia ndani, akiacha kukojoa, akitoa damu au akipata degedege, hiyo ni dharura. Usisubiri kukuche.

Utomvu ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituoni.

Jinsi ya kujikinga

Pogoa uzio mara kwa mara. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, hivyo uzio unaopogolewa huzaa matunda machache. Chuma yaliyobaki kabla hayajadondoka, na usiupande karibu na shule au mahali watoto wanapochezea. Mbegu za kuuza zihifadhi mbali na chakula, juu wasikofikia watoto.

Usitumie mbegu kama dawa ya kufungua tumbo. Hakuna kipimo salama cha nyumbani. Kama choo ni kigumu, tuone sisi wauguzi. Dawa salama zipo.

Leo, mwonyeshe mtoto wako mmea huu na umwambie kwa maneno mepesi: "Hii si karanga, hailiwi."