Farasi Waliobaki Mombasa

Fundi wa Yamumbi akichomeka skana kwenye tundu lililo chini ya usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akatafuta kipimo cha mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, skrini humwonyesha takriban kilopaskali 79. Gari lilelile, siku liliposhushwa melini Kilindini, Mombasa, lingeonyesha 101. Sensa haijaharibika. Viunga hivi vya Eldoret, upande wa Kapseret, viko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku umepungua kwa zaidi ya moja ya tano.

Kwa anayetafuta kigari cha kubebea unga na watoto wa shule, tofauti hiyo si hoja. Kwa kijana anayeweka akiba anunue hachibaki ya kasi iliyotumika (au mzee, maana ugonjwa huu hauchagui umri), ni hoja ya kwanza, na wauzaji hawaigusi. Hachibaki ya kasi ni gari dogo la familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka hadi juu, lililofungwa injini, breki na shoki za gari la michezo. Volkswagen ilianza kuuza Golf GTI mwaka 1976, na injini yake ya lita 1.6 ilitoa nguvu farasi 110 katika gari la kilo 800 na ushei. Baadaye wakaja akina Honda Civic Type R, Suzuki Swift Sport, Mitsubishi Colt Version R na Subaru Impreza WRX ya mkia mfupi. Mengi hufika Kenya yakiwa yamekwisha kukimbizwa na mtu mwingine, na bei yao huvutia kwa sababu hiyo hiyo.

Injini haiishi kwa petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue vizuri. Silinda ya nusu lita hujaa nusu lita ya hewa iwe Mombasa au Eldoret, ila nusu lita hiyo ya Eldoret ina molekuli chache zaidi. Hewa ikipungua, kompyuta ya injini hupunguza petroli, na nguvu hushuka pamoja nayo. Hata ukikumbuka kwamba Eldoret kuna baridi kuliko Mombasa, na hewa ya baridi ni nzito, hasara hubaki karibu asilimia 20. Basi Swift Sport ya zamani, ile ya lita 1.6 isiyo na turbo, iliyoandikwa nguvu farasi 125 kwenye vitabu vya Suzuki, hufika Yamumbi na 100 hivi. Vitz RS ya lita 1.5, yenye 110, hubaki na 88. Farasi waliopungua hawakuibwa na mtu; wamebaki Mombasa. Ndege nazo hulipa ushuru huo huo, kwa kuwa kwenye hewa nyembamba huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kupaa. Uwanja wa ndege wa Eldoret una njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5.

Dawa ya tatizo hili ilipatikana kabla wengi Uasin Gishu hawajaona gari. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya turbo mwaka 1905: feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo ikazungusha feni ya pili inayosukuma hewa ndani ya injini. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Kabla ya kupandishwa mlimani, injini hiyo ilitoa nguvu farasi 350. Kileleni, bila turbo, ikatoa 230. Walipoifunga turbo ikatoa 356. Yaani kifaa ambacho leo vijana hukiona kama pambo la sauti kilipata umaarufu wake kwa kushinda mlima.

Kwa hiyo mnunuzi wa Yamumbi mwenye pesa za kuhesabu ana sababu ya kisayansi ya kupendelea injini ndogo yenye turbo. Lakini turbo hairudishi farasi bure. Chukua injini inayotaka hewa ya kilopaskali 180. Mombasa, turbo huikandamiza hewa mara 1.8 hivi. Eldoret, ili ifikie 180 hiyo hiyo kutoka 79, lazima ikandamize mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi, na turbo za magari haya tayari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Inachelewa kidogo kuamka dereva anapokanyaga mafuta. Na hewa hutoka ikiwa na joto zaidi: kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75, hesabu hutoa nyuzi 100 na kidogo Mombasa, na zaidi ya 120 Eldoret, kabla haijapozwa.

Hapa ndipo marekebisho ya kompyuta yanayouzwa mitandaoni yanapohitaji kutazamwa kwa jicho la pembeni. Programu iliyopimwa kwenye usawa wa bahari, mahali penye petroli bora, huiomba turbo mgandamizo ambao huku inaweza kuutoa kwa kujiua tu. Ile milipuko ya ekzosi inayoletwa na programu hizo na kushangiliwa usiku ni petroli inayoungulia nje ya silinda, ndani ya bomba, na joto lake huliunguza katalisti. Gari lililowahi kufanyiwa hivyo linafaa kupunguziwa bei, hata kama muuzaji analihesabu kuwa limeongezewa thamani.

Ni gari gani basi? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo kwa mwaka 2026 ni la 2019 kuja mbele. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi sisi (sentimita za ujazo) 1,500 ni asilimia 20. Ikizidi hapo, 25. Swift Sport ya kizazi cha mwisho, iliyotoka Japani Septemba 2017, inapenya vizuri kwenye tundu hilo. Ina injini ya sisi 1,371 yenye turbo, nguvu farasi 140 na uzito wa kilo 970 tu. Kila farasi hubeba kilo 7 hivi. Ile Swift ya zamani isiyo na turbo, ikiwa Eldoret, humbebesha kila farasi zaidi ya kilo 10. Wepesi una faida nyingine ambayo haitangazwi: tairi, breki na bushi za gari jepesi huisha polepole, na za saizi ndogo ni rahisi kupatikana.

Asiyeweza kulipa ushuru wa kuingiza hununua gari lililokwisha kuzunguka Kenya, na hapo Golf GTI ndiyo hujaa macho. Ni gari zuri kweli. Ila kila kizazi kina ugonjwa wake, na kujua ugonjwa ni nusu ya bei. GTI ya tano, iliyotoka mwaka 2004 na nguvu farasi 200, hutumia mkanda wa taimingi, na pampu yake ya petroli ya mgandamizo mkubwa husukumwa kupitia kikombe kidogo cha chuma kinachosuguana na kemshafti. Kikombe kikitoboka, chuma hula chuma. Kukifungua na kukitazama ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua, na spea yenyewe ni ndogo. Kizazi cha sita kilihamia kwenye cheni, na kikaja na kikaza-cheni ambacho katika injini za miaka ya mwanzo kilikuwa dhaifu. Kikishindwa, cheni huruka meno na vali hugonga pistoni. Mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili tatu injini inapowashwa ikiwa baridi ni sauti ya kuogopwa kuliko ekzosi yoyote. Cha saba, kuanzia 2013, kina nguvu farasi 220, kimetulia zaidi, na bei yake inajua hivyo.

Injini za vizazi vya tano na sita hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida ni kubwa, lakini petroli haioshi tena migongo ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo moshi wa oili hugandia hapo ukawa masizi. Gari hutetemeka asubuhi, fundi hubadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa, na mwenye gari hulipia vyote. Kumbe kilichohitajika ni kuvua manifoldi na kuzikwangua vali.

Gia nazo zina siri. Golf zenye gia za otomatiki aina ya DSG hazifanani. Ile ya gia sita iliyofungwa kwenye GTI za tano na sita ina klachi zinazooga ndani ya oili, na oili hiyo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Ikiheshimiwa, hudumu. Ile ya gia saba yenye klachi kavu, iliyofungwa kwenye Golf za lita 1.4 na Polo GTI, ndiyo iliyoisumbua Volkswagen hadi mwaka 2013 ikarudisha gereji zaidi ya magari 380,000 nchini China kwa hitilafu za DSG. Mnunuzi wa pesa kidogo aliyepata gia za mkono ameepuka mjadala wote huu.

Kuhusu petroli, mwinuko huleta fadhila kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mwingine. Injini isiyo na turbo hupata mgandamizo mdogo ndani ya silinda huku juu, hivyo hailii kugonga kwa urahisi. Ndiyo maana majimbo ya Milima ya Rocky, Marekani, yamezoea kuuza petroli ya okteni ya chini kuliko kwingine. Turbo huurudisha mgandamizo, na fadhila huisha. Magari mengi ya kasi kutoka Japani yalitengenezewa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haishuki chini ya okteni 96. Yakinyweshwa hafifu, sensa ya kugonga huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na dereva hubaki na gari legevu linalokula mafuta. Stika ya ndani ya kifuniko cha tangi huandika kiwango kinachotakiwa. Inafaa kusomwa kabla ya kununua, kwa sababu tofauti ya bei kwa lita hulipwa kila wiki.

Mama yeyote wa Eldoret anajua githeri huchukua muda kuiva huku. Maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Injini ya petroli hufanya kazi kwenye nyuzi 90 kwenda juu, hivyo kinachozuia maji ya radieta yasichemke ni kifuniko chake cha mgandamizo pamoja na dawa ya kupoza. Kifuniko kizima huinua nukta ya kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Kilicholegea huirudisha kuelekea 93, na hapo kilima kimoja tu chatosha kuunguza gasketi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kujaza tangi petroli, na hubadilishwa mara chache mno.

Barabara za ndani za Yamumbi, murram wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, huuliza swali jingine. Tairi iliyoandikwa 225/40 R18 ina ukuta wa asilimia 40 ya milimita 225, yaani 90. Iliyoandikwa 205/55 R16 ina ukuta wa milimita 113. Sentimita mbili hizo za mpira ndizo hupokea shimo kabla ya rimu. Kushuka hadi rimu ya inchi 16, pale inapoweza kupita juu ya breki, hupunguza urembo na huokoa rimu, shoki na mgongo. Wanaodhani gari dogo haliwezi barabara mbaya wakumbuke Safari Rally ya 1993, ambapo Daihatsu Charade zilimaliza za tano, sita na saba nyuma ya Toyota Celica nne.

Na kuna mteremko wa Tambach. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 1,000 kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio, breki zikifanya kazi yote, hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 40 za maji. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha DOT 4 kinaruhusu nyuzi hizo zishuke hadi 155. Yakichemka, pedali huenda hadi chini na gari linaendelea. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni gharama ndogo kuliko stika za pembeni.

Makaratasi hayahitaji fizikia. Rekodi ya gari hutafutwa kwenye eCitizen, mnunuzi aone kama logibuku imewekwa rehani kwa mkopo. Karatasi ya mnada wa Japani, ikiwepo, hulinganishwa na kilomita za dashibodi. Herufi R kwenye nafasi ya daraja huonyesha gari lililogongwa likatengenezwa. Kisha ni kuliendesha: barabara ya kwenda Kapsabet inayopita uwanja wa ndege inatosha, skana ikiwa imechomekwa, ili ionekane kama turbo inaufikia mgandamizo ulioandikwa kwenye kitabu chake bila kusitasita. Kabla ya yote hayo, mkono huwekwa juu ya boneti. Cheni iliyolegea hulia injini ikiwa baridi tu, na muuzaji anayelijua gari lake huiwasha nusu saa kabla mteja hajafika. Boneti ikiwa na joto, aambiwe kwamba mteja atarudi kesho alfajiri, bila kupiga simu kwanza.