USIUZE MBOGA ZOTE, MOYO NAO UNADAI

Na Bwana Shamba, Kifungilo

Ni alfajiri hapa Kifungilo, wilaya ya Lushoto. Ukungu haujaondoka milimani. Gari la mizigo limesimama barabarani. Vijana wanapakia matenga ya nyanya na plamsi. Wanapakia magunia ya kabichi, karoti na vitunguu. Baadaye gari litateremka Soni, litafika Mombo, kisha litashika njia kuu ya Dar es Salaam.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwasaidia wakulima wapate mazao mengi na bei nzuri. Kwa hiyo gari likijaa, nafurahi. Lakini siku moja, gari likiwa limekwisha ondoka, nilipita kwa mkulima mmoja saa ya chakula cha mchana. Nilikaribishwa. Tulikula ugali na dagaa wenye chumvi nyingi. Mboga ya majani haikuwepo. Nikauliza kwa utani, "Mama, kabichi zimekwenda wapi?"

Akacheka. "Zimekwenda mjini, bwana shamba. Kula kabichi ni kula pesa."

Sisi sote tulicheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilifikiri sana. Watu wa mjini wanatununulia mboga zetu ili wapate afya. Sisi tunaozilima tunabaki na chumvi.

Ndugu msomaji, leo tuzungumze habari ya mboga, matunda na moyo.

MOYO NA MIFEREJI YAKE

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye moyo. Kwa siku moja moyo hupiga kama mara 100,000. Kila ukipiga, unasukuma damu iende mwili mzima. Damu hupita katika mishipa.

Sisi watu wa Usambara tunajua mifereji. Mfereji ukiwa safi na mpana, maji hupita vizuri na kila shamba hupata. Mfereji ukijaa tope, maji hayafiki. Maji yakipita kwa nguvu mno, kingo hubomoka. Mishipa ya damu ni vivyo hivyo. Ikiwa migumu au myembamba, damu hupita kwa nguvu kubwa mno. Hiyo ndiyo tunayoiita presha.

Presha ya juu haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi, analima, anacheka, hajui. Halafu siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Mtu anapooza upande mmoja. Huo ndio ugonjwa wa kiharusi. Au mshipa wa moyo unaziba, na mtu anaanguka.

Wengine husema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Sivyo. Mwaka 2012 Serikali ilifanya uchunguzi Tanzania. Walipimwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kama mtu mmoja kati ya kila watu wanne alikuwa na presha ya juu.

MMEA HUJITENGENEZEA KINGA

Mmea hauwezi kukimbia. Jua likiwaka sana, hauwezi kwenda kivulini. Wadudu wakija, hauwezi kuwafukuza kwa mkono. Kwa hiyo mmea hujitengenezea kinga ndani ya majani, maua na maganda yake. Kinga hizo ni za aina nyingi. Kundi moja kubwa wataalamu huliita flavonoidi.

Jina ni geni, lakini vitu vyenyewe unavijua. Rangi nyekundu ya ganda la plamsi ni flavonoidi. Rangi ya zambarau ya kitunguu chekundu ni flavonoidi. Ukitafuna jani bichi la chai, ule ukali unaokausha ulimi unatokana na flavonoidi.

Mwaka 1936 mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, pamoja na wenzake, walitoa vitu hivi katika malimau na pilipili. Walidhani wamepata vitamini mpya, wakaiita vitamini P. Baadaye ilionekana kwamba si vitamini, kwa sababu mtu akivikosa hapati ugonjwa maalumu. Lakini wataalamu hawakuacha kuvichunguza.

Leo inajulikana kwamba flavonoidi za chakula husaidia ngozi ya ndani ya mishipa ya damu. Mishipa hulegea na kupanuka kidogo. Damu hupita kwa urahisi zaidi. Ni kama mfereji uliosafishwa.

WAZEE WA ZUTPHEN

Uholanzi kuna mji uitwao Zutphen. Mwaka 1985 wataalamu waliwauliza wazee 805 wa mji huo habari za chakula chao. Wote walikuwa wanaume wa miaka 65 hadi 84. Kisha waliwafuatilia kwa miaka 5.

Matokeo yalitolewa mwaka 1993. Wazee waliokula flavonoidi nyingi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiasi kisichofika nusu ya wale waliokula kidogo.

Je, wazee hao walipata flavonoidi kutoka wapi? Hawakununua dawa ya ajabu. Walizipata hasa katika vitu vitatu: chai, vitunguu na matufaa.

Ndugu mkulima, tazama mlima wako. Chai inalimwa Usambara. Ilianza kulimwa katika milima hii tangu wakati wa Wajerumani. Vitunguu vinalimwa. Matufaa, plamsi, mapichesi na mapeasi yanazaa hapa kwa sababu ya baridi yetu. Vitu walivyotumia wazee wa Zutphen vipo mlangoni kwako.

CHAKULA SI BADALA YA DAWA

Hapa nataka tusimame kidogo. Ukisoma habari hii vibaya, unaweza kufa. Nitakueleza kwa nini.

Baba yangu alikuwa mkulima. Alipimwa akakutwa na presha ya juu. Akapewa vidonge, akaambiwa avimeze kila siku. Alimeza miezi michache, akajisikia mzima. Siku ya gulio akakutana na mtu anauza unga wa majani. Mtu yule alisema unga wake unamaliza presha kabisa. Baba akanunua. Vidonge akaviacha.

Kabla mwaka haujaisha alianguka shambani, jembe mkononi. Alipooza upande wa kulia. Aliishi miaka miwili akilishwa na mama kwa kijiko. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa umejenga matuta ya mlima mzima hakuweza kushika kikombe.

Sisemi kwamba mitishamba yote ni mibaya. Nasema kwamba hakuna jani wala tunda linaloweza kuchukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa na mganga wa hospitali.

Wataalamu wenyewe hawajamaliza kazi. Huko Marekani watu 21,442 waligawanywa makundi. Wengine walipewa vidonge vya kakao vyenye flavonoidi. Wengine walipewa vidonge visivyo na kitu, wala hawakujua. Matokeo ya mwaka 2022 yalikuwa ya pande mbili. Vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilipungua kwa 27 katika 100. Lakini ukijumlisha matukio yote ya magonjwa hayo pamoja, tofauti ilikuwa ndogo. Haikutosha kuthibitisha kwamba ni kakao iliyoleta nafuu. Na wazee wa Zutphen nao, huenda walioipenda mboga walikuwa na tabia nyingine njema pia.

Kwa hiyo tuseme hivi: mboga na matunda ni ulinzi wa kila siku. Dawa ni tiba ya aliyekwisha ugua. Mlinzi na mganga hawagombani. Nyumba inawahitaji wote wawili.

NAMI NILIPIMWA

Nilipofika miaka 43 nilipimwa presha katika zahanati. Ilikuwa 150 kwa 96. Ikifika 140 kwa 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, huhesabiwa kuwa ni ya juu. Nilirudi siku nyingine, bado ilikuwa juu. Nilimkumbuka baba, nikaogopa.

Nilipewa vidonge, namimi navimeze kila siku bila kuacha. Nilipunguza chumvi. Pikipiki nikaiacha kwa safari za karibu, nikapanda milima kwa miguu. Na mke wangu alitenga matuta matatu nyuma ya nyumba, akasema, "Haya si ya gari." Amepanda mchicha, mnavu, sukumawiki na vitunguu. Pembeni kuna mti wa plamsi.

Sasa presha yangu imeshuka mpaka 132 kwa 84. Siwezi kusema ni mboga peke yake. Nilibadili mambo manne kwa pamoja, na yote manne naendelea nayo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Tenga matuta ya familia. Matuta mawili au matatu karibu na jikoni yanatosha kuanzia. Yamwagilie maji machafu ya kuoshea mboga. Mazao ya hapo yasipande gari.

2. Kula rangi nyingi. Majani ya kijani, kitunguu chekundu, plamsi, maharage mekundu, machungwa. Shirika la Afya Duniani linasema kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hiyo ni kama mikono mitano iliyojaa.

3. Usitupe ganda bila sababu. Flavonoidi nyingi zimo katika ganda au karibu na ganda. Plamsi na tufaa vioshe vizuri, uvile na ganda lake. Ukimenya kitunguu, ondoa yale makaratasi makavu tu. Usitupe tabaka nene za juu, ndizo tajiri zaidi.

4. Usichemshe mboga mpaka ife. Flavonoidi huingia katika maji ya kuchemshia. Ukiyamwaga, umemwaga faida. Tumia maji kidogo, pika kwa muda mfupi, na mchuzi wake unywe. Kama mnavu wenu ni mchungu na desturi ni kumwaga maji ya kwanza, mwaga hayo tu.

5. Kunywa chai, lakini kwa akili. Weka sukari kidogo. Pia usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Madini hayo hujenga damu. Subiri kama saa moja baada ya kula. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito.

6. Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika dagaa na samaki wakavu. Kitunguu, nyanya na limau huleta ladha hata chumvi ikipungua.

7. Angalia dawa za wadudu. Hapa nawasema wakulima wenzangu bila kuficha. Wako wanaopuliza dawa leo na kuvuna kesho. Kila dawa ina siku zake za kusubiri. Zimeandikwa katika kibandiko cha chupa. Sasa unajua kusoma, soma. Ukishindwa, mwite bwana shamba. Ganda lenye sumu halimsaidii mtu.

8. Kapime presha. Kama una miaka 40 au zaidi, usisubiri kuumwa. Kupima hakuumi wala hakuchukui muda. Kama unameza dawa, usiache hata ukijisikia mzima. Tena mwulize mganga kabla ya kula balungi, kwa maana tunda hilo hugombana na baadhi ya dawa za presha na moyo.

Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri, mpeleke hospitali upesi. Vivyo hivyo anayebanwa kifua kwa nguvu huku anatoka jasho. Usimpitishe kwa mwuza unga.

MWISHO

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kupanda mboga. Maneno ya kampeni hizo hayajazeeka.

Juzi nilipita tena kwa yule mama aliyesema kula kabichi ni kula pesa. Gari lilikuwa limeondoka kama kawaida. Lakini mezani palikuwa na ugali, maharage, na bakuli la mnavu uliokaangwa kwa kitunguu. Nilimtazama, naye akajua ninachotaka kuuliza.

"Bwana shamba," akasema, "nimepiga hesabu. Nauli ya hospitali ni kubwa kuliko bei ya mnavu."

Hesabu yake ni sahihi. Nawe kapige yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wiki iliyopita, nyumbani kwako mlikula mboga za majani siku ngapi?

2. Katika mazao unayouza, ni yapi ungeweza kubakiza kwa ajili ya familia?

3. Ni nani katika kikundi chenu hajawahi kupima presha? Mtakwenda zahanati lini pamoja?