Upasuaji wa kupunguza uzito Marekani: anza na bima

Wengi wanaotaka upasuaji wa kupunguza uzito nchini Marekani huanza kwa kumtafuta daktari. Afadhali kusoma mkataba wa bima kwanza: baadhi ya bima hazigharamii kabisa upasuaji huu, hata daktari akiandika barua.

Nyingine bado hufuata kigezo cha mwaka 1991: BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ifike 40, au 35 ukiwa na maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilipendekeza 35 bila sharti la ugonjwa. Si bima zote zilizovifuata.

Daktari muulize amefanya upasuaji huo mara ngapi, wagonjwa wangapi walirudi hospitalini, na nani ofisini kwake hufuatilia kibali cha bima. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Bima nyingi hutoa siku 180 za kukata rufaa.