Pedali za gitaa: nani atangulie, nani afuate

Pedali ya gitaa haifanyi kazi peke yake. Hupokea umeme hafifu kutoka kwa chombo kilichoitangulia, huubadilisha umbo, kisha huukabidhi kwa chombo kinachofuata. Anayepokea naye ana namna yake ya kuuvuta umeme huo, na mvuto wake humrudia anayetoa. Ndiyo maana pedali tatu zilezile zikipangwa upya hutoa sauti nyingine kabisa, na pedali iliyovutia dukani huweza kuchusha jukwaani.

Chanzo cha yote ni pikapu, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme huzalishwa, lakini ni umeme usio na nguvu ya kustahimili mzigo. Mzigo wa kwanza ni kebo. Kila mita ya kebo ya gitaa huwa na takriban pikofaradi 100, na uwezo huo wa kebo kuhifadhi umeme ndio unaokula sauti za juu. Pikapu ya gitaa la aina ya Stratocaster ikiwa na kebo ya mita 6, mlio wake hufikia kilele karibu na hezi 4,000. Ikiongezwa kebo nyingine ya mita 6 kutoka kwenye pedali hadi kwenye amplifaya, kilele hicho hushuka chini ya hezi 3,000, na gitaa husikika kana kwamba limefunikwa blanketi.

Dawa yake ni bafa, sakiti ndogo isiyoongeza sauti bali inayoupa umeme nguvu ya kusafiri. Pedali ndogo za Boss, zilizoanza kutoka mwaka 1977, zina bafa inayofanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa. Nyingine zikizimwa huunganisha tundu la kuingilia na la kutokea moja kwa moja. Mpiga gitaa mwenye pedali sita za aina hiyo, zote zikiwa zimezimwa, kwa kweli anapiga kupitia kebo moja ndefu. Bafa moja karibu na mwanzo wa mnyororo, na pengine nyingine mwishoni, humaliza tatizo hilo.

Ipo pedali moja isiyopatana na bafa: fazi ya zamani. Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966 na kupata umaarufu miguuni mwa Jimi Hendrix, ina transista mbili tu, na huivuta pikapu kwa nguvu. Kutokana na mvuto huo, nobu ya volyumu kwenye gitaa huwa sehemu ya sakiti ya pedali. Ikipunguzwa kidogo, mkwaruzo hupungua na sauti hutakata. Bafa ikiwekwa kati ya gitaa na fazi, uhusiano huo hukatika: mlio huwa mkali na nobu ya volyumu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Kwa hiyo fazi ya aina hii hupangwa ya kwanza. Hata pedali ya wawa (wah-wah) ikiitangulia huweza kupoteza mlio wake wa kupanda na kushuka, au kupiga mluzi, kwa kuwa fazi humlemea yeyote anayeilisha.

Fuzz Face za mwanzo zilitumia transista za germaniamu, ambazo huvujisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda. Pedali iliyorekebishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi inaweza kubadilika tabia kwenye jukwaa la wazi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Zile za silikoni hustahimili joto vizuri zaidi.

Kwa pedali za mkwaruzo, swali kuu ni nani anamsukuma nani. Kila sakiti ina kikomo, na umeme ukizidi kikomo hicho, ncha za wimbi hukatwa. Huo mkato ndio mkwaruzo wenyewe. Pedali ya kuongeza nguvu ikiwekwa kabla ya distosheni, yaani pedali ya mkwaruzo, sauti haipandi sana kwa sababu kikomo kimeshafikiwa. Kinachoongezeka ni mkwaruzo. Ikiwekwa baada yake, mkwaruzo hubaki uleule na sauti ndiyo inayopanda, jambo linalomfaa anayetaka solo yake isikike juu ya bendi. Tube Screamer ya Ibanez hutumika sana kwa njia ya kwanza: huondoa besi kiasi, huinua sauti za kati, kisha huisukuma amplifaya ya vali. Stevie Ray Vaughan aliitumia hivyo mbele ya amplifaya za Fender.

Kompresa, pedali ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, kwa kawaida hutangulia mkwaruzo, kwani ikija baadaye huinua kelele zote zilizoachwa nyuma. Koras, dilei na rivabu, yaani pedali za kunenepesha mlio, kuurudia kama mwangwi na kuupa hisia ya ukumbi, hukaa mwishoni. Dilei ikitangulia distosheni, kila mwangwi hukwaruzwa pamoja na noti mpya, na mwangwi unaopaswa kufifia hurudi na nguvu karibu ileile. Hata hivyo, huu ni mwongozo tu. Eddie Van Halen aliweka pedali ya MXR Phase 90, ya jamii ya koras, mbele ya amplifaya ya Marshall iliyokuwa ikikwaruza, na hapo ndipo ilipotoka ladha yake. Katika soukous na muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo hupigwa kwa sauti safi, kompresa, koras na dilei hupangana bila ugomvi mkubwa, kwa kuwa hakuna mkwaruzo wa kuzivuruga.

Amplifaya nayo ihesabiwe kuwa pedali ya mwisho. Ikiwa mkwaruzo unatoka ndani ya amplifaya yenyewe, dilei iliyochomekwa mbele imeshatangulia mkwaruzo hata ikiwa ya mwisho sakafuni. Amplifaya nyingi huwa na matundu mawili nyuma, la kutolea na la kurudishia, kati ya hatua ya kwanza na ile ya nguvu. Dilei na rivabu huchomekwa hapo.

Spika nayo huchuja. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kufifia baada ya takriban hezi 5,000, na hivyo huondoa makali ya distosheni. Anayechomeka pedali moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi au kanisa hukosa uchujaji huo, na mlio wake huwa kama wa nyuki. Humfaa pedali ya kuigiza spika.

Umeme wa pedali nyingi ni volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Fazi nyingi za germaniamu zina waya wa ardhi upande wa chanya, hivyo zikiunganishwa na nyingine kwenye adapta moja husababisha shoti. Pedali za dijitali huhitaji miliampia nyingi na huweza kupenyeza mlio mwembamba kwa jirani zake. Adapta yenye matokeo yaliyotenganishwa huondoa usumbufu huo.

Mnyororo unapoleta kelele au sauti dhaifu, utaratibu wa kutafuta kosa ni mmoja. Gitaa huchomekwa kwanza moja kwa moja kwenye amplifaya kwa kebo fupi. Kisha pedali huongezwa moja baada ya nyingine, kila moja ikisikilizwa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, hadi apatikane yule anayevuruga wenzake.