Mzaha Wenye Wajibu: Utani wa Makabila katika Pwani ya Lindi

Katika maisha ya Watanzania utani umezoeleka kiasi kwamba wengi huuona kuwa ni maneno ya kuchangamsha baraza tu, ilhali ndani yake umebeba historia ya vita, ya biashara, ya ndoa na ya maziko. Kwa maana ya kawaida kumtania mtu ni kumfanyia mzaha. Lakini kwa maana ya mila, utani ni uhusiano wa kudumu baina ya watu wawili, koo mbili au makabila mawili, ambao unampa kila mmoja ruhusa ya kumkejeli mwenzake mbele za watu, kumsingizia uchoyo au ushamba, hata kumchukulia kuku wake, na mwenzake haruhusiwi kununa. Walioungana kwa uhusiano huo huitwa watani. Makala haya yanaueleza utani kama unavyoishi kusini mwa Tanzania, hususan katika pwani ya Lindi, na yanashikilia hoja moja, nayo ni kwamba ruhusa ya kukejeli hununuliwa kwa wajibu wa kusaidiana, na kwamba kejeli isiyolipiwa kwa wajibu huo ni dharau, hata kama inachekesha.

Njia panda ya makabila

Mingoyo ni mji mdogo wa Lindi uliopo pale ambapo mkono wa bahari unakutana na bonde la mto Lukuledi. Jirani yake, Mnazi Mmoja, barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kilwa na Lindi hugawanyika, moja ikielekea Mtwara na nyingine ikipanda Masasi, kwa hiyo hapo hukutana karibu watu wote wa kusini: Wamwera wenye eneo hilo, Wamachinga wa mwambao wa kaskazini ya Lindi, Wamakonde wa Newala na Mtwara, Wamakua na Wayao wa Masasi, Wangindo wa Liwale, Wamatumbi wa Kilwa, na Wangoni wanaoshuka kutoka Songea. Mahali ambapo watu wa asili nyingi namna hiyo wanapanda basi moja na kununua korosho na samaki wa kukaanga kwa muuzaji mmoja, swali la nani ni nani huulizwa kila siku, na mara nyingi huulizwa kwa utani. Mtu akitaja jina lake au akitamka sentensi mbili tu, kabila lake limeshajulikana, na kama katika wanaomsikiliza yumo mtani wake, hawezi kuondoka pale bila kupewa lake.

Mkusanyiko huo haukuanza na barabara ya lami. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikateremka hadi Lindi na Kilwa Kivinje ikiwa na pembe za ndovu pamoja na watu waliotiwa utumwani. Wangoni nao, ambao chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, waligawanyika baada ya kifo cha kiongozi huyo huko Ufipa, na makundi yao yaliyofika Songea yaliishambulia nchi yote ya kusini-mashariki, ambako yalijulikana kwa jina la Magwangwara. Mwaka 1882 washambuliaji hao waliivamia Masasi, mahali ambapo miaka sita kabla ya hapo wamisionari wa Kianglikana wakiongozwa na Askofu Edward Steere walikuwa wamewapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Hata hivyo, Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, Wangoni na wengi wa wale waliokuwa wakishambuliwa nao walijikuta wakipigana na adui mmoja, Mjerumani, na vita hivyo vilipokwisha mwaka 1907 walizika wafu wao katika njaa ileile. Baadaye mashamba ya mkonge ya Lindi, kama Kikwetu, na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao reli yake ilitoka Mkwaya kwenye mkono huohuo wa bahari kwenda Nachingwea, viliwaweka wajukuu wa maadui hao katika kambi zilezile za kazi.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Wangoni wana watani wengi kuliko makabila mengi ya Tanzania. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichapisha maelezo juu ya utani wa Tanganyika, alibaini kwamba wazee wengi walitaja asili mbili za utani wa makabila, yaani vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu, na misafara ya biashara iliyowalazimu wapagazi kupita katika nchi za watu. Wazaramo na Wanyamwezi ni mfano wa asili ya pili: Mnyamwezi aliyekuwa akishuka pwani na mzigo begani alihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na akifa njiani alihitaji mtu wa kumzika. Mtani ndiye aliyemfanyia hayo, na malipo yake yalikuwa haki ya kufanyiwa vivyo hivyo siku ya zamu yake. Kwa hiyo utani haukuzuka kwa sababu watu walipendana tangu mwanzo, bali kwa sababu walikuwa na kila sababu ya kuogopana, wakachagua njia nyingine.

Utani ndani ya ukoo

Kabla ya kufika kwenye makabila, mtoto wa kusini hujifunza utani nyumbani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, na bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, akamlaumu mbele ya watu kwamba hamletei hata kanga. Mabinamu, yaani watoto wa shangazi na wa mjomba, hutaniana kwa uhuru mkubwa, na katika jamii za Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama na kumpa mjomba mamlaka juu ya watoto wa dada yake, mabinamu waliweza pia kuoana, hivyo mzaha wa uchumba baina yao haukuwa maneno matupu. Mashemeji na mawifi nao wana utani wao.

Kinyume cha hao ni mkwe. Mtu hamtanii mama mkwe wake, hakai naye mkeka mmoja akapiga soga, na katika familia nyingi akimwona njiani humpisha kwa adabu. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alieleza kwamba heshima hiyo kali na ule uhuru wa utani vinatimiza kazi moja, kwa kuwa vyote viwili hutumika pale ambapo watu wameunganishwa na jambo, kama ndoa, huku masilahi yao yakitofautiana, na ugomvi kati yao ungeleta hasara kubwa. Mmoja hukwepa ugomvi kwa kunyamaza, mwingine kwa kuusema wote hadharani mpaka ukose makali.

Matamshi na vyakula

Silaha ya kwanza ya watani ni ulimi. Lugha nyingi za kusini, kama Kiyao na Kimakonde, kwa asili hazitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo mzee wa huko akisema amekwenda kupiga kula, mtani wake humwuliza ni chakula gani kilichopigwa na kama kilibaki. Kimakua nacho kwa asili hakina sauti b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili, na Mmakua aliyekulia kijijini huweza kumwita baba yake papa. Basi watani humpa pole kwa kuzaliwa na samaki mkali kiasi hicho, na kumwuliza alivuliwa bahari gani. Anayechekwa naye hakosi jibu, kwani humwiga mwenzake anavyokokota maneno, na wasikilizaji wa pembeni huwa waamuzi.

Silaha ya pili ni chungu cha jikoni. Panya wa mashambani, ambaye kusini hupewa jina la samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, ni kitoweo cha watu wengi wa Lindi na Mtwara, na hakuna Mmakonde aliyekaa Dar es Salaam ambaye hajaulizwa na watani kama paka wa jirani amemkosesha chakula. Mmakonde hujibu kwa kumkumbusha Mngoni pombe yake ya komoni, kwamba babu zake wasingesimama Songea kama wasingelewa njiani. Ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa kwa jasho, ina mizaha yake. Na fedha za korosho zina mizaha mingi zaidi, kwa kuwa kila msimu wa mauzo husimuliwa habari za mkulima aliyemnywesha mbuzi wake soda, na za ndoa zilizofungwa mnada ulipofunguliwa zikavunjika fedha zilipokwisha. Ndani ya vicheko hivyo yamo mafunzo ya kweli juu ya ubadhirifu, ulevi na ndoa za pupa, ambayo mtu angeyakataa kama yangetolewa na mjumbe wa serikali ya mtaa au na kaka yake mkubwa, lakini huyapokea kwa mtani kwa sababu mtani hana cheo wala urithi anaoutafuta.

Msibani ndipo utani unapopimwa

Anayetaka kujua kama watani ni watani kweli, awaangalie siku ya msiba. Wakati ndugu wa marehemu wamekaa chini hawajui la kufanya, mtani huingia ameinama vilevile alivyokuwa akitembea marehemu, amevaa kofia yake, akiwauliza wafiwa kwa sauti ya marehemu ni nani aliyewaruhusu kumlilia bila kumlipa deni lake. Hulaza kamba njiani kuzuia jeneza mpaka zitolewe shilingi chache, humfunga kitambaa mtoto mkubwa wa marehemu akimtuhumu kutoroka na wali, na mahali pengine hushuka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe ada. Mgeni asiyejua mila huweza kudhani huo ni ukosefu wa adabu, lakini akitazama vizuri ataona kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeshika jembe alfajiri kuchimba kaburi, ndiye aliyechota maji na kupasua kuni, na kwamba mjane, ambaye tangu jana hajatia kitu kinywani, amecheka bila kutaka na kisha akakubali kikombe cha uji.

Hapo ndipo ulipo mzani wa utani. Mtani hulazimika kwenda kwenye msiba kama ndugu, na asipokwenda hulaumiwa kuliko jirani. Haki ya kusema lolote juu ya marehemu imetokana na mikono iliyomzika.

Mipaka ya kejeli

Kanuni za utani ni chache lakini ni ngumu. Lazima uwe wa pande mbili, kwa maana kwamba anayetaniwa awe na haki ileile ya kujibu, na lazima uambatane na msaada. Ukikosa hayo, jina la kuchekesha hugeuka kuwa fimbo. Ushahidi wake unapatikana kwa watu waliotoka katika nchi hiihii. Katika karne ya 19 Wayao, Wamakua, Wangindo na wengineo waliosafirishwa utumwani kupitia pwani ya Kilwa, pamoja na Wazigua kutoka kaskazini zaidi, walifikishwa Somalia, na wazao wao wakaishi kama wakulima katika mabonde ya mito Juba na Shabelle. Huko walipewa jina jareer, linalotaja ugumu wa nywele zao, na jina hilo halikuwa utani, kwa sababu aliyeitwa hivyo hakuwa na nafasi ya kumjibu aliyemwita wala ya kuoana naye, na vita vya mwaka 1991 vilipoanza alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuporwa bila mtetezi. Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 na 2004 maelfu walihamishiwa Marekani, huku baadhi ya Wazigua wakirudi Tanzania na kupata makazi Chogo, Handeni, ambako lugha yao ya Kizigua ilieleweka na wenyeji.

Katika Tanzania huru utani ulipata uwanja mpana zaidi, kwani shule za bweni, Jeshi la Kujenga Taifa na ofisi za serikali ziliwachanganya vijana wa mikoa yote, na Kiswahili kikawapa lugha ya kutaniana. Hata magazeti ya michezo yakiandika juu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huziita watani wa jadi, kwa kukiri kwamba wapinzani hao hawawezi kuishi mmoja bila mwenzake. Mataifa mengine pia yameithamini mila ya namna hii, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa jamii za Niger katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Leo mizaha ya makabila husambaa zaidi kwa simu kuliko barazani, na mtu aliyeko Muscat au London hupokea kichekesho juu ya Wamakonde papo hapo kinapotungwa. Hilo linawaunganisha walio mbali na nyumbani, lakini pia linawapa watu wasiodaiwa chochote ruhusa ya kukejeli, watu ambao hawajui msiba wa wanayemcheka uko wapi wala hawatachangia sanda. Wazazi na walimu wanaopenda utani uendelee wasiishie kuwafundisha watoto maneno ya kuchekesha juu ya Mngoni au Mmwera. Wawapeleke pia msibani kwa watani, wawape ndoo za kuchotea maji, wawaonyeshe nani alimzika babu yao. Mtoto aliyelelewa hivyo atakuwa na haki ya kumcheka mtani wake maisha yake yote, na mtani wake atacheka pamoja naye.