Mpiga Ngoma Humtazama wa Mwisho

Kwenye shamba la Msukuma, ngoma ndiyo inayoamua kasi. Walimaji wa bugobogobo husimama mstari mmoja, majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja, na matuta ya pamba yakainuka mbele yao. Mpiga ngoma akiongeza mapigo, shamba linaisha kabla jua halijawa kali. Akiyaongeza kupita kiasi, mmoja anachelewa nusu pigo, jembe lake linagongana na la jirani, na mstari mzima unavunjika. Ndiyo maana mpiga ngoma anayejua kazi hapotezi macho yake kwa yule kijana anayerusha jembe hewani na kulidaka. Humtazama aliye dhaifu kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye mpaka wa kasi ya wote.

Nimelikumbuka shamba hilo kila nilipokaa mbele ya kompyuta ya mezani nikitaka kuiongezea mwendo. Prosesa nayo ina ngoma ndani yake. Katika kompyuta nyingi za leo mazabodi hutoa pigo la msingi, mara milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100, na prosesa hulizidisha pigo hilo kwa namba yake. Mia mara 42 ni gigahezi 4.2. Katika kila pigo umeme hupita njia nyingi kwa wakati mmoja, fupi na ndefu, na zote lazima ziwe zimefika kabla pigo jingine halijalia. Kuongeza mapigo, jambo ambalo vijana huliita ovakloki, ni kuipandisha namba hiyo juu ya ile aliyoiandika mtengenezaji. Njia fupi haisumbuki. Ile njia ndefu kuliko zote ndiyo mlimaji wa mwisho, na ikichelewa hata mara moja, hesabu inaharibika.

Anayekaa Dar es Salaam anaweza kudhani haya ni mambo ya mbali na Shinyanga na Geita. Lakini ukanda huu umeishi na mashine kwa vizazi. Mwadui imechimba almasi tangu 1940, Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu tangu miaka ya 1930, Bulyanhulu ulifunguliwa 2001. Kando ya migodi hiyo, wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa wamejenga desturi yao wenyewe ya kuishi na chuma, na shule yake kuu ni karasha.

Karasha ni pipa la chuma lililolazwa, ndani yake mna gololi nzito, na injini ya dizeli au mota hulizungusha kwa mkanda. Mawe yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, huingia humo, yakatoka unga, unga ukaenda mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu. Mgeni hudhani kwamba pipa likizungushwa haraka zaidi, unga utapatikana haraka zaidi. Sivyo. Pipa likienda polepole, gololi huteleza tu chini. Likienda mwendo wake, hubebwa juu ya ukuta kisha zikaanguka na kuponda. Mwendo ukizidi, gololi hung'ang'ania ukutani, zikazunguka pamoja na pipa bila kuanguka, na jiwe halipondwi. Injini inanguruma, dizeli inakwisha, na kazi imesimama. Anayetaka kubadilisha mwendo hubadilisha puli, na anayetaka kujua kama amekosea hutega sikio. Ule mshindo wa gololi kuanguka ukipotea, amezidisha.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja wa karasha kwa nini asifunge puli ndogo zaidi upande wa pipa, amalize foleni ya mifuko iliyokuwa imepangwa nje. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniambia, "Dogo, sikiliza kwanza." Nikasikiliza karibu dakika nzima. Sikujua nilichokuwa nikikisikiliza mpaka miaka ilipopita na mimi nikawa na mashine yangu ya kusikiliza.

Wasukuma wana ngoma za namna mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Iko ya shambani niliyoitaja, na iko ya mashindano. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoanzishwa na waganga Ngika na Gumha katika karne ya 19, hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake. Aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo sababu manju, kiongozi wa ngoma, hutafuta kituko ambacho hakijawahi kuonekana, na dawa ya mvuto hutafutwa kwa siri.

Wanaoongeza mapigo duniani nao wana uwanja wao wa mashindano. Humwaga naitrojeni ya kimiminika juu ya prosesa mpaka ikapoa chini ya nyuzi hasi 150, wakapandisha mapigo juu ya gigahezi 9, wakapiga picha ya namba, na baada ya muda mfupi mashine ikazima. Siwalaumu hata kidogo. Ni sherehe, na sherehe ina haki yake. Lakini mwenye studio ndogo ya Kahama anayerekodi nyimbo za Kisukuma na kuhariri video za arusi anahitaji ngoma ya shambani, ile ya kulima mpaka tuta la mwisho.

Kwake mwiba ni joto. Joto la prosesa hupanda pamoja na mapigo, lakini hupanda kwa mraba wa volteji, na mara nyingi mapigo mapya hayashiki bila kuongeza volteji. Ongeza vyote viwili kwa asilimia 10: kazi ya saa moja itaisha dakika tano na nusu mapema, na joto litaongezeka kwa asilimia 33 hivi. Hiyo ndiyo bei, na kwetu hulipwa na nyongeza. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu. Tena kuna vumbi. Wiki chache za kiangazi zinatosha kuziba mapezi ya kupozea kama blanketi.

Kuna jambo linalowaangusha wengi. Mtu hufanya marekebisho usiku wa Juni, chumba kina nyuzi 18, prosesa inatulia kwenye nyuzi 78, naye analala akiwa na furaha. Oktoba mchana chumba kilekile kina nyuzi 33. Tofauti hiyo ya nyuzi 15 huongezeka karibu yote juu ya prosesa, ikafika 93, na prosesa nyingi za mezani hujipunguzia mwendo zenyewe zikikaribia 100. Vumbi likiongeza nyuzi chache tu, mashine aliyoiongezea mapigo inaweza kwenda polepole kuliko alivyoinunua.

Kabla ya yote, angalia kama mashine inakubali. Kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka ofisini zimefungwa namba zake, na hapo kusafisha vumbi na kubadilisha grisi iliyokauka juu ya prosesa kutakusaidia kuliko kitu kingine. Za Intel zenye herufi K mwishoni mwa jina ziko wazi zikiwekwa kwenye mazabodi inayoruhusu, na za AMD Ryzen karibu zote ziko wazi. Prosesa mbili za jina moja hazilingani uwezo, kwa hiyo namba iliyomfaa jirani isikushawishi.

Panda megahezi 100 kwa hatua moja, kisha ipe kazi nzito. Mimi hutumia Prime95, programu ya George Woltman iliyozaliwa 1996 katika utafutaji wa namba tasa za Mersenne, kwa sababu hulinganisha kila jibu na jibu sahihi linalojulikana. Kompyuta inayozima ghafla imekuonyesha kosa lake. Inayotisha ni ile inayoendelea kuwaka huku ikikosea hesabu kimyakimya na kuharibu mafaili ya watu.

Yangu nilifikia gigahezi 4.5, ikapita jaribio la usiku kucha. Nikaisubiri Oktoba. Saa tisa mchana, dirisha wazi, bati likilia kwa jua, nikaanzisha jaribio lilelile na kukaa pembeni kuisikiliza feni. Dakika ya arobaini hesabu moja ikakosewa. Nikarudi nyuma hatua mbili, 4.3, nikaanza upya. Magharibi ilipoingia ilikuwa bado inapiga, na feni ilikuwa na sauti moja.