Kuchora ni Kuchunguza: Sanaa Ndani ya Somo la Maarifa ya Jamii

Katika shule nyingi za msingi, kazi ya mikono ndani ya Maarifa ya Jamii huja mwishoni. Mwalimu akishamaliza kueleza na watoto wakishanakili ubaoni, zikibaki dakika chache huwaambia wachore: bendera waipake rangi, ramani ya Tanzania waigilizie kitabuni, ngoma waiweke pembeni mwa neno "utamaduni". Picha hutoka nzuri na madaftari hupendeza. Lakini mwombe mtoto aliyechora Ziwa Tanganyika kwa ustadi akuonyeshe kaskazini iko upande gani wa darasa lake. Wengi watanyoosha kidole darini, kwa sababu katika ramani waliyoinakili kaskazini ilikuwa juu.

Sanaa isiwe pambo la somo. Iwe njia ya kulichunguza. Kazi ya mikono yenye manufaa hubeba swali ambalo mtoto hawezi kulijibu mpaka apime, afukue au achanganye mwenyewe. Zifuatazo ni kazi tatu za namna hiyo kwa watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Vifaa vyake karibu vyote vinapatikana nyumbani na uwanjani.

Ramani ya uwanja wa shule

Swali la kwanza ni hili: mgeni akiingia getini, atafikaje kwenye tangi la maji bila kuuliza mtu?

Anzeni kwa kutafuta dira. Simikeni fimbo wima mahali tambarare penye jua. Saa nne asubuhi wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli chake, kisha mfunge kamba kwenye shina la fimbo na kuchora mduara unaopita kwenye jiwe hilo. Kivuli kitafupika hadi adhuhuri, kisha kitaanza kurefuka tena. Ncha yake itakapougusa mduara kwa mara ya pili mchana, wekeni jiwe jingine. Mstari unaounganisha mawe mawili unatoka magharibi kwenda mashariki. Mtoto akisimama jiwe la asubuhi likiwa kushoto kwake na la mchana kulia, anatazama kaskazini.

Kinachofuata ni vipimo. Tandazeni kamba ya mita 12 na kila mtoto aitembee akihesabu hatua zake. Aliyepata hatua 20 anajua kwamba hatua yake moja ni sentimita 60, na uwanja alioupima kwa hatua 90 una mita 54. Wakikubaliana kwamba sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 5 ardhini, uwanja huo utakuwa na urefu wa karibu sentimita 11. Skeli, ambayo kitabuni ni neno la kukariri, hapo inakuwa mapatano waliyoyafanya wenyewe. Makundi mawili yakileta urefu tofauti wa ukuta uleule, mwalimu asiharakishe kusahihisha. Awaache wabishane mpaka wagundue kwamba mmoja alitumia idadi ya hatua za mwenzake mrefu.

Katika kuchora alama ndipo sanaa inapofanya kazi ngumu zaidi. Mtoto mdogo huchora mwembe ukiwa na shina na matawi, kama anavyouona akiwa amesimama chini yake. Wekeni kikombe sakafuni, asimame juu yake na kuchora anachokiona: mduara na mpini. Halafu aulizwe mwembe ungeonekanaje kwa ndege anayepita juu. Mtoto akishakubali kuuchora mwembe kama duara la majani, ameelewa ramani ni nini, na ufunguo wa ramani atautunga mwenyewe bila kusukumwa.

Sanduku la mchanga na mdomo wa chungu

Swali la pili ni la historia: tunajuaje mambo ya watu ambao hawakutuachia maandishi ya kutosha?

Chukueni kreti au beseni lenye kina. Chini kabisa wekeni udongo mwekundu wenye vigae vya chungu kilichovunjika na maganda ya kombe. Juu yake wekeni mchanga mweupe wenye shanga na vipande vya sahani ya kauri. Tabaka la juu liwe udongo mweusi wenye kizibo cha soda na kifuniko cha kalamu. Kingo zote kali zisuguliwe kwanza kwa jiwe ili zisimkate mtoto. Watoto wafukue kwa kijiko na brashi, tabaka moja baada ya jingine. Kitu kisiondolewe mpaka kimechorwa na kina chake kimeandikwa kwa sentimita. Wakimaliza, wapange vitu kuanzia cha zamani hadi cha karibuni na waeleze kwa nini kizibo cha soda hakiwezi kutangulia chungu kilicholala chini yake. Kisha waulizwe nini kingetokea iwapo panya angechimba shimo kupita matabaka yote.

Hivyo ndivyo historia ya Kilwa Kisiwani ilivyofunuliwa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuusifu mji, lakini maelezo yake ni mafupi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua imetoka ardhini, kwa kazi ya wanaakiolojia kama Neville Chittick aliyechimba huko katika miaka ya 1960. Zilipatikana sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa zikiwa na majina ya masultani wake, vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji, na vigae vya vyombo vya kauri kutoka China. Mtoto aliyekuta kipande cha sahani kwenye tabaka la mchanga ataelewa upesi kwamba kigae cha China katika kisiwa cha pwani yetu ni ushahidi wa biashara.

Sasa chukueni kigae kimoja chenye sehemu ya mdomo wa chungu. Kwa bikari, au kwa uzi na penseli, choreni kwenye karatasi miduara inayozungukana, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa sentimita 1. Mtoto asogeze kigae kutoka mduara hadi mduara mpaka upinde wake ulale sawasawa na mstari. Mduara huo ndio ukubwa wa mdomo wa chungu kizima. Kutoka kwenye kipande kinachoenea kiganjani ataweza kuchora umbo la chungu ambacho hakupata kukiona, na kukisia kama kilikuwa cha kupikia familia au cha kuchotea maji. Wanaakiolojia hutumia mbinu hiyohiyo. Penseli ya mtoto hapo inatafuta jibu, na akikosea mduara, chungu kitakataa kukaa sawa.

Jambo moja lisisitizwe: vigae vitoke kwenye vyombo vya nyumbani vilivyovunjika. Mabaki ya magofu na mapango yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kigae kilichookotwa kwenye gofu hupoteza nusu ya habari zake mara kinapoondolewa mahali pake.

Rangi isiyofutwa na jua

Swali la tatu linatoka Kondoa. Katika miamba ya eneo la Kolo na jirani zake kuna michoro ya watu, twiga, tembo na pofu, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, na UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa nini wekundu huo haujapauka kwa karne nyingi?

Watoto watengeneze rangi tatu: udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, mkaa uliosagwa, na bizari ya manjano. Kila moja ichanganywe na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike. Brashi iwe kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki. Wapake mistari ileile kwenye vipande viwili vya boksi. Kimoja kikae juani, kingine kabatini. Baada ya wiki mbili wavilinganishe. Manjano ya juani itakuwa imefifia, lakini nyekundu na nyeusi hazijabadilika. Rangi ya bizari ni ya mmea na huvunjwa na mwanga. Wekundu wa udongo unatokana na chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, kama kutu, na jua halina la kuufanya. Kisha wamwagie maji boksi moja. Nyekundu nayo itachuruzika, na hapo wataona kwa nini mwamba ulioinama kama paa ulikuwa mahali pazuri pa kuchora.

Mwishowe kila kundi lichore tukio moja la mtaani kwao bila maneno, na kundi jingine lisome. Baadhi watasoma sivyo. Kutokana na kosa hilo watajua kwamba picha hueleza mengi na huficha mengi, na ndiyo sababu wataalamu bado wanajadiliana kuhusu maana ya michoro ya Kondoa.

Darasa kubwa na alama za haki

Mwalimu mwenye watoto 80 atasema kazi hizi haziwezekani. Zinawezekana kama hazifanywi zote kwa wakati mmoja na watoto wote. Gawa darasa mafungu matatu, kila fungu lishike kazi yake nje au barazani, na mafungu yapokezane wiki hadi wiki. Ndani ya fungu, kila kundi la watoto sita liwe na mpimaji, mchoraji, mwandishi na msemaji, na vyeo hivyo vizunguke ili mtoto mkimya naye apate penseli.

Kazi hizi zikisahihishwa kwa uzuri wa mchoro, tutakuwa tumeziua. Mtoto mwenye mkono mwepesi atapata alama zote, na aliyepima kwa uangalifu akachora mstari uliopinda atajiona hafai. Alama ziende kwenye ushahidi. Swali la kumwuliza kila mtoto ni moja: "Umejuaje?" Anayejibu kwamba amehesabu hatua, amekilinganisha kigae na mduara au ameitazama rangi ikififia, ametimiza kazi yake. Sentensi hiyo iandikwe kwa mkono wake chini ya mchoro kabla haujabandikwa ukutani, ili mzazi na mwalimu mkuu wanaopita waisome kwanza.